Kikapu cha Udongo wa Mahame

Mtu mmoja alikuwa na vipandikizi elfu moja vya chai kitaluni, na vyote vilikuwa vinageuka manjano. Aliitwa Ambonisye. Kwao ni Rungwe, juu kwenye miteremko ya chai, ambako ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi na nguo hukauka kwa kubahatisha. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mke aliyeitwa Tumpe, watoto watatu, na chumba kimoja cha kuazima. Zaidi ya hapo alikuwa na mteremko ambao ulikuwa bado haujawa wake.

Habari ya mteremko huo lazima niieleze kwanza, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini mtu mzima alikuwa akizunguka kitalu kutwa nzima kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia.

Ambonisye aliondoka nyumbani akiwa kijana. Alikwenda Tunduma, akajifunza kuchomelea mageti, akakaa huko miaka kumi na tisa. Mama yake alibaki na Atuganile, dada mkubwa wa Ambonisye, aliyekuwa mchumaji wa chai katika shamba kubwa ng'ambo ya bonde. Mama akaugua. Atuganile akatuma habari mara tatu. Mara ya kwanza Ambonisye alijibu, "Nikimaliza hili geti nakuja." Mara ya pili alituma blanketi na kilo tano za sukari. Mara ya tatu alipanda gari siku ileile, lakini alifika siku ya tatu baada ya maziko, udongo wa kaburi umeshaanza kupasuka kwa jua. Hakuna aliyemkemea. Dada yake alimpa maji ya kunawa na sahani ya ndizi, akamwuliza kama safari ilikuwa njema. Angemkemea, angelia yakaisha. Hakumkemea, na yeye hakulia. Alikula zile ndizi zote, akarudi Tunduma na kitu kimemkaa kifuani.

Kitu hicho hakikumpa raha. Akawa anachomelea bawaba upande usio wake, wateja wanarudisha mageti. Baada ya mwaka akauza mashine, akafungasha vyombo, akamwambia Tumpe kwamba wanakwenda kuishi nyumbani. Tumpe hakuwa mtu wa kubishana na msiba wa mtu. Akafunga magodoro.

Ukoo ukakaa kikao. Palikuwa na mteremko wa mama, ekari moja na nusu, uliokuwa umelala majani tangu mama alipougua. Neno la mwisho juu ya mteremko huo lilikuwa la Atuganile, kwa sababu yeye ndiye aliyemwogesha mama na kumlisha hadi mwisho, na hakuna mtu pale aliyethubutu kujifanya hakuliona hilo. Atuganile akasimama mbele ya wote. Akasema mdogo wake auchukue mteremko, apande chai, lakini mvua za mwaka ule zikianza chai iwe ndani ya ardhi. Wazee wakaongeza la kwao: siku hiyo watakuja na kamba, na mahali chai yake itakapokomea ndipo shamba lake litakapokomea. Kitakachobaki kitakuwa malisho ya ng'ombe wa ukoo. Ambonisye akakubali. Ulikuwa mwezi wa kwanza, na mwezi wa kumi na moja ulionekana uko mbali sana.

Sasa sikilizeni kipandikizi cha chai ni kitu gani. Ni jani moja na kipande cha kijiti chenye urefu wa kidole. Kimekatwa kwa mama yake, mchai mkubwa. Hakina mzizi, na kwa hiyo hakina mdomo. Kinaishi kwa kile kidogo kilichotoka nacho, ndani ya lile jani moja, mpaka kitakapojitolea mizizi yake mwenyewe. Wenye vitalu wanakichomeka kwenye kiriba, ule mfuko mdogo mweusi wa plastiki, nao hawajazi kiriba hicho udongo mnono. Wanachimba chini kabisa, wanatoa udongo mwekundu ambao haujawahi kumlisha mtu. Ni katika udongo huo wenye njaa ndipo kipandikizi hutafuta, na kwa kutafuta huko kinaota mizizi. Jirani aliyempa Ambonisye vipandikizi alimweleza hayo yote, taratibu, mara mbili. Ambonisye aliitikia kwa kichwa. Moyoni alikuwa akisema kwamba watoto wake mwenyewe hawezi kuwalaza kwenye udongo wa njaa.

Na ukoo ule ulikuwa na ada. Mtu akifungua shamba jipya, awe ni mume au mke, alikwenda kwanza kwenye mahame ya mama yake, pale nyumba ilipokuwa, akachukua kikapu kimoja cha udongo kutoka mahali pa mafiga. Kikapu hicho alikimwaga kwenye shimo la kwanza la shamba, akapanda mche wa kwanza, kisha akaendelea na kazi yake. Ni kikapu kimoja na shimo moja. Ambonisye aliiona ada hiyo akiwa mtoto wa miaka sita, akiwa juu ya mabega ya mjomba wake, na aliikumbuka vizuri isipokuwa hesabu yake.

Akaenda kwenye mahame. Nyumba ilikuwa imeshabomolewa. Yalibaki mafiga matatu, upupu, na mche wa maboga uliojiotea na kutambaa juu ya jiko. Udongo wa pale ulikuwa mweusi, mlaini, wenye majivu ya moto wa miaka arobaini. Akapiga magoti, akajaza kikapu. Kisha hakuinuka. Akakaa pale mikono yake ikiwa ndani ya udongo hadi kwenye viwiko, na kwa mara ya kwanza tangu maziko akahisi mama yake hayuko mbali. Alipoinuka alikwenda kumwaga kikapu kile kitaluni, akarudi kujaza cha pili. Akabeba siku nne. Akajaza viriba elfu moja, vyote, udongo wa jikoni kwa mama yake. Tumpe alipomwuliza kama ndivyo alivyoelekezwa, alimjibu, "Huu ndio ulionilea." Mke wa mtu hujibu nini hapo?

Siku ya kwanza ya ubebaji huo Atuganile alipita njiani na kikapu chake cha kuchumia mgongoni. Alimwona mdogo wake anateremka na mzigo wa udongo mweusi. Alimwona anapanda tena na kikapu kitupu. Akasimama kidogo, akamtakia kazi njema, akaenda zake. Mkumbukeni huyo aliyesimama njiani, kwa sababu nitamrudia.

Miezi miwili majani yalikuwa kijani. Watu walipita wakamsifu, na Ambonisye akawa anatembea kifua mbele. Hakujua kwamba jani lililokatwa hukaa kijani kwa muda kwa sababu ya kile lilichotoka nacho kwa mama, kwamba hiyo si afya bali ni akiba. Mwezi wa tatu vichipukizi vikatokeza vikiwa vimepauka. Mwezi wa nne manjano yakaenea jani zima, ikabaki mishipa tu. Vichipukizi vilivyopaswa kufika urefu wa kidole vilikuwa sawa na ukucha, na kila asubuhi vilikuwa sawa na ukucha.

Hapo ndipo mtu huyu alipopoteza utulivu. Alianza kwa kumwagilia mara mbili kwa siku. Mtu akamwambia maji yamezidi, akaacha kabisa, majani yakanywea, akamwagilia tena kwa hofu. Akaongeza nyasi kwenye kichanja ili kivuli kiwe kizito. Siku ya tatu akaona giza limezidi, akazitoa. Akaleta samadi. Akaleta mbolea ya dukani, akaweka kwa kijiko cha chai, kisha kwa kijiko kikubwa, ncha za majani zikaungua. Akahamisha kitalu chote, kiriba kimoja kimoja, kutoka upande wa mgomba kwenda upande wa kijito, na wiki iliyofuata akakirudisha. Mnacheka. Chekeni, lakini nani kati yenu hajahamisha mtoto shule tatu kwa mwaka mmoja huku tatizo likisafiri naye kwenye begi?

Mwishowe akakumbuka majivu. Mama yake alitibu kila kitu kwa majivu. Maharagwe ya mbegu aliyahifadhi kwenye majivu, mboga zenye wadudu alizipaka majivu, kuku wenye utitiri aliwaogesha majivu, na Ambonisye mwenyewe alipokatwa na jembe akiwa na miaka tisa, majivu ndiyo yaliyowekwa. Basi akachoma kuni za familia ambazo Tumpe alizitafuta kwa mgongo wake, si kwa kupikia, bali apate majivu tu. Akayapoza, akayachekecha, akanyunyizia kila kiriba konzi moja, polepole, kwa upendo. Baada ya siku kumi manjano yakawa meupe.

Alikuwa hawezi kukaa tena. Akiwa anakula aliinuka na tonge mkononi kwenda kutazama kitalu. Kanisani alikaa karibu na mlango, mguu mmoja nje. Watu wakimsalimu aliitikia salamu ya mtu aliyekwisha kupita. Mvua ikinyesha alisema itaoza, jua likiwaka alisema litaunguza, na siku ya mawingu tu, isiyo na mvua wala jua, alisimama katikati ya viriba akasubiri ubaya utokee upande gani. Siku moja Tumpe akamfuata huko na karatasi mkononi.

"Baba Sekela, mtoto amekuwa wa pili darasani. Amekaa na karatasi hii siku ya tatu leo anasubiri umwulize."

"Nikimaliza hapa nakuja," akasema Ambonisye, bila kugeuka.

Maneno hayo alikwisha kuyasema wakati mwingine, kwa mtu mwingine. Hakuyasikia. Sisi tunaosimuliwa tunayasikia, na ni rahisi sana kuyasikia yakiwa ya mwenzetu.

Mwezi wa sita akapita bwana shamba. Akatazama, akakuna shingo, akauliza udongo umetoka wapi. Akauliza kama ni ule mwekundu wa chini. Ambonisye akajibu kwamba ndiyo, ni ule mwekundu wa chini. Udongo ulikuwa umefunikwa kwa nyasi na majivu, na mgeni alikuwa na haraka, akaamini. Kwa nini alidanganya? Mimi nimelifikiri jambo hili sana. Mtu husema uongo mahali anapojua jibu. Alijua kwamba akisema kweli ataambiwa amwage, na kumwaga ndilo jambo pekee ambalo alikuwa hajalijaribu. Yule bwana akamwachia neno moja kabla ya kuondoka: ang'oe kimoja atazame chini, majani peke yake hayatoshi. Ambonisye akakaa wiki mbili bila kukubali kung'oa.

Siku aliyong'oa, alipasua kiriba kwa wembe na kukitoa kipandikizi kwa vidole viwili. Chini, pale kilipokatwa kwa mama yake, palikuwa na uvimbe mweupe, mgumu, mkubwa kuliko punje ya hindi. Hapakuwa na mzizi. Akang'oa cha pili, akang'oa cha kumi. Vyote vilikuwa hivyohivyo. Miezi sita kipandikizi kilikuwa kimefanya kazi moja tu, kufunga jeraha. Kilikuwa kimelifunga na kulifunga tena, tabaka juu ya tabaka, na nguvu yote iliyopaswa kwenda kwenye mzizi ilikuwa imeishia kwenye kovu. Ambonisye akaketi chini na vipandikizi kumi mapajani.

Tumpe alimwona kutoka mlangoni. Hakumfuata. Alivuka bonde hadi shamba kubwa, akamkuta Atuganile kati ya mistari ya chai, kikapu kimejaa nusu. Akamwambia, "Wifi, mimi nafungasha. Sekela ameshakunja nguo za shule. Ndugu yako atabaki na kitalu chake." Atuganile akafanya jambo ambalo mchumaji hafanyi kabla ya mizani: akakitua kikapu palepale chini, akaondoka.

Alimkuta mdogo wake bado ameketi. Akachukua kiriba kimoja, akakipasua, akachota udongo, akausugua kwenye kiganja mpaka ukaacha rangi ya kijivu kwenye mistari ya mkono. Akaanza kusema huku anautazama mkono huo. Kwenye shamba kubwa, alisema, kati ya chai nzuri kuna madoa ya manjano, ya duara. Kila mchumaji anayajua, na kila doa lina jina la mtu, kwa sababu zamani kabla ya shamba kuja hapo palikuwa na nyumba ya huyo mtu. Nyumba ilikwisha, mtu alikwisha, jina lake karibu limekwisha, lakini majivu ya jiko lake yamo ardhini mpaka leo na chai haiyataki. Mahindi yanayapenda, maboga yanayapenda. Chai haiyataki. Ukichuma hapo kikapu hakijai.

Kisha akanyoosha mkono kuelekea juu, kwenye mahame, akasema, "Pale mama alipika, Ambonisye. Hakupanda chai pale hata siku moja."

Ambonisye akatazama juu kwenye mahame, akatazama viriba. "Ada inasema udongo wa mama," akasema.

"Ada inasema kikapu kimoja. Nenda shamba lolote la ukoo huu la chai, utazame mche wa kwanza, ule wa pembeni ya njia. Ni mfupi, una manjano, hatuuchumi. Huo ni wa aliyekufa. Mingine yote ni ya watoto."

Ambonisye akahesabu miezi kwa vidole. Halafu akauliza lile ambalo lazima liulizwe. "Dada, wewe ulijua?"

"Nilijua siku ile nilipokuona unapanda kufuata kikapu cha pili."

"Na hukuniambia."

Atuganile akafuta kiganja kwenye kanga. Lakini ile rangi ya kijivu haikutoka yote. "Nilikuita mara tatu hukuja," akasema. "Nikasema moyoni, na yeye aite asijibiwe."

Basi wakalia, mchana kweupe, watu wakipita njiani na ng'ombe wao. Alilia Ambonisye kilio cha maziko ambayo hakuyawahi, na dada yake akalia kwa sababu alikuwa ametunza neno moja miezi sita, akilipitisha kila siku asubuhi na jioni mbele ya kitalu kile, na kila siku likawa zito zaidi kulitoa. Ninyi mnaosema hamkumdhuru mtu kwa sababu hamkugusa kitu chake, mtazameni mwanamke huyu. Hakugusa hata kiriba kimoja.

Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya huko si wakati wa kuanza upya. Walianza hivyohivyo. Walipasua viriba vyote, wakavisuuza vipandikizi kwenye beseni, wakakata uvimbe ule kwa wembe mpaka kwenye kijiti kibichi. Tumpe alishika beseni, na magodoro yakafunguliwa. Udongo mwekundu waliuchimba kwenye ukingo wa barabara, chini sana, Ambonisye ndani ya shimo na dada yake akipokea juu. Udongo mweusi ulibidi urudi ulikotoka, na kuurudisha kulichukua siku tisa, kwa sababu safari hii ni kupanda. Waliumwaga palepale kwenye mafiga. Tumpe akachomeka mbegu za maboga, na kabla ya mwezi wa tisa familia nzima ilikuwa inakula majani yake kwa karanga. Udongo ule haukuwa mbaya. Naomba mtu asitoke hapa akisema nimesema udongo wa mama ni mbaya.

Vipandikizi vilivyokuwa bado na nguvu ya kuchomekwa tena vilikuwa mia tatu na kumi. Vilivyoota mizizi ni mia mbili na sita. Ambonisye hakuvizunguka tena kutwa. Alivimwagilia asubuhi, kisha akaenda kufanya kibarua cha kuchimba mashimo ya choo kwa watu, na jioni alikaa mlangoni na Sekela akimsomea. Sitawadanganya kwamba alikuwa ametulia. Miguu yake ilikuwa ikicheza chini ya kigoda. Lakini alikaa.

Mvua za kwanza zilipoanza walichimba mashimo, na siku ya pili ya mvua wazee wa ukoo wakaja na kamba na kigingi. Shimo la kwanza lilikuwa pembeni ya njia. Ambonisye akapanda kwenye mahame, akarudi na kikapu kimoja, akakimwaga ndani. Halafu akatazama miche yake mia mbili na sita, ambayo mingi ilikuwa na majani manne tu, akachagua uliokuwa mzuri kuliko yote, mmoja uliokuwa na majani saba na shina la kijani lililonyooka. Tumpe akashika mdomo. Ambonisye akauweka mche huo ndani ya udongo wa jikoni kwa mama yake, akijua utakuwaje, akaushindilia kwa viganja viwili. Kisha akafuta mikono, akaendelea na shimo la pili.

Miche iliyobaki ilipandwa kabla ya saa sita. Ilikuwa michache mno. Wazee wakavuta kamba kutoka njiani kupanda juu, na kamba ikakoma kwenye mche wa mwisho, hatua kumi na mbili tu kutoka ilipoanzia. Mbele yake mteremko ulikuwa mtupu, umelowa, unakwenda hadi msituni. Mzee mmoja akainama kupiga kigingi. Hapakuwa na dhuluma hapo. Ndivyo walivyokubaliana, na mahali pale pasingetosha kulisha watoto watatu.

Atuganile akamshika mzee mkono, akamnyang'anya kigingi. Akapanda nacho mteremko peke yake, mvua ikimnyeshea, hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Alipofika katikati kabisa ya mteremko akasimama, akapima kwa macho kushoto na kulia, chini na juu, akakipiga kigingi kwa jiwe. Aliporudi alikuwa anahema. Aliwaambia wazee kwamba miche ile ilikaushwa na watu wawili, na nusu ya ukaushaji ni yake. Nusu ya mteremko basi asiadhibiwe nayo Ambonisye, kwa kuwa ni yeye dada aliyeipoteza. Nusu nyingine ilipotezwa na mwenyewe, iende kwenye malisho. Wazee wakatazamana, wakaikunja kamba.

Imekwenda miaka mingi. Nusu ya juu ng'ombe wanakula hadi leo, na Ambonisye husikia kengele zao akiwa anachuma, wala hajawahi kulalamika. Nusu ya chini ina chai kila mahali, kwa vipandikizi ambavyo dada yake alimkatia baadaye kwenye michai michache aliyokuwa nayo nyumbani, vikakuzwa katika udongo mwekundu. Sekela ana nyumba yake sasa, na watoto. Na ule mche wa kwanza bado upo pembeni ya njia, unafika magotini, una manjano. Asubuhi akienda kuchuma Ambonisye husimama hapo kidogo, hugusa jani lake moja bila kulichuma, kisha hupita kwenda kwenye mingine.

Ninyi mlioketi hapa mbele yangu, kila mmoja wenu ana mahame yake, na kila mmoja ana vichanga nyumbani vinavyopauka huku mkibadilisha maji, kivuli na mbolea. Hao mliowazika mmewapa mche mmoja, au mmewapa kitalu kizima?